Nani Atalipia Udongo Wenye Sumu?

Udongo ulioingiwa na sumu hautawanyiki kama moshi wala hauchukuliwi na mkondo kama maji ya mto. Hubaki palepale ulipo. Risasi iliyomwagika kwenye uwanja wa kiwanda miaka 50 iliyopita bado ni risasi leo, haiozi, haizeeki. Zebaki, aseniki na kadimiamu ni vivyo hivyo. Viuatilifu vya zamani kama DDT huvunjikavunjika, lakini polepole mno. Dizeli iliyovuja kutoka kwenye tangi la chini ya ardhi huliwa na bakteria, ila mara nyingi huwa imeshafika kwenye kisima cha jirani kabla hawajaimaliza. Na mtoto anayecheza uani huipata sumu kwa njia fupi kuliko zote: vidole, kisha mdomo.

Tena udongo una mwenyewe, jambo ambalo hewa na mto havina. Ni kiwanja chenye hati na bei, pengine kimewekwa rehani benki, pengine kimerithiwa na ndugu watano wasioelewana. Serikali ikitangaza kwamba kipande fulani cha ardhi kina sumu, imeshagusa mali ya mtu. Ndiyo maana sheria za udongo zilichelewa kuliko nyingi za mazingira. Marekani ilipitisha sheria yake kuu ya hewa mwaka 1970 na ya maji mwaka 1972, lakini ya ardhi yenye sumu ilisubiri hadi 1980. Ujerumani ilipata sheria ya shirikisho ya kulinda udongo mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulipendekeza sheria ya pamoja mwaka 2006, baadhi ya nchi wanachama zikaipinga, pendekezo likaondolewa mwaka 2014, na sheria ya kufuatilia hali ya udongo ikaja kupatikana mwaka 2025.

Sera hizi zimejaa istilahi za kemia, lakini kiini chake ni pesa. Mchafuzi akiwa ameshafilisika, amehama au amekufa, nani anagharamia kazi ya kusafisha? Nchi iliyolijibu swali hilo mapema, kwa maandishi na kwa mfuko uliotengwa, husafisha. Nchi isiyolijibu huwaachia gharama wale wanaoishi juu ya udongo huo, nao huilipa kwa figo zao, kwa mimba zinazoharibika na kwa akili za watoto wao.

Sheria yenye meno kuliko zote katika uwanja huu ilizaliwa na kisa cha mji wa Niagara Falls, jimbo la New York. Katika miaka ya 1890 mwekezaji aliyeitwa William Love alianza kuchimba mfereji wa kuzalishia umeme, akaishiwa fedha, akauacha. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1953 kampuni ya Hooker Chemical ililitumia shimo hilo kutupa taka zake za kemikali, takriban tani 21,000, kisha ikalifukia. Mwaka huo wa 1953 iliiuzia bodi ya shule ya mji eneo hilo kwa dola 1. Hati ya mauzo iliwekwa kifungu kilichosema kwamba ardhini kuna taka za kemikali na kwamba kampuni haitadaiwa kwa madhara yatakayotokea. Shule ya msingi ikajengwa hapo, na nyumba zikaizunguka.

Katikati ya miaka ya 1970 mvua na theluji nyingi zilipandisha maji ya ardhini. Kemikali zikaanza kuchuruzika kwenye vyumba vya chini vya nyumba, na mapipa yaliyooza yakajitokeza uani. Mkazi mmoja, Lois Gibbs, ambaye mwanawe alisoma katika shule hiyo, alianza kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaumwa nini. Agosti 1978 jimbo lilitangaza hali ya dharura ya afya, na siku chache baadaye Rais Jimmy Carter akatangaza dharura ya kitaifa. Hatimaye familia zaidi ya 800 zilihamishwa. Desemba 1980 Carter alitia saini sheria inayojulikana kwa jina la Superfund.

Ukali wa sheria hiyo uko katika namna inavyomtafuta mlipaji. Inarudi nyuma: aliyetupa taka mwaka 1950, wakati hapakuwa na katazo lolote, anadaiwa. Haihitaji uthibitisho wa uzembe: kampuni iliyofuata kila kanuni ya wakati wake bado inalipa. Na kama kampuni 10 zilitupa taka katika shimo moja, serikali inaweza kuidai mojawapo gharama yote, kisha kampuni hiyo ihangaike yenyewe kuwafuatilia wenzake. Wanaoweza kudaiwa ni mmiliki wa ardhi wa sasa, aliyekuwa mmiliki wakati taka zinatupwa, aliyeagiza zitupwe, na hata msafirishaji aliyechagua mahali pa kuzitupa. Benki na wanunuzi wa ardhi walielewa haraka. Tangu hapo mnunuzi makini wa kiwanda cha zamani nchini Marekani hatii saini kabla mtaalamu hajachunguza historia ya kiwanja na, ikibidi, kuchimba na kupima.

Kwa maeneo yasiyo na mchafuzi wa kudaiwa, sheria iliunda mfuko. Ulianza na dola bilioni 1.6 za miaka mitano, nyingi zikitokana na kodi ya mafuta ghafi na ya kemikali. Kodi hiyo iliisha muda wake mwishoni mwa 1995. Bunge halikuihuisha, mfuko ukanywea, na kazi ya kusafisha ikabaki kutegemea zaidi kodi za wananchi wa kawaida. Kodi ya kemikali ilirudishwa kwa sheria ya mwaka 2021 na ile ya mafuta kwa sheria ya mwaka 2022. Kwa robo karne, basi, viwanda vilivyozalisha sumu havikutozwa kwa ajili ya mfuko uliowekwa kwa sababu yao. Sheria ilikuwa ileile, mahakama zilezile. Kilichobadilika ni chanzo kimoja cha fedha, na kasi ya kazi ikapungua.

Maeneo hupewa alama kulingana na hatari yake kwa watu na mazingira, na yanayofikia 28.5 kati ya 100 yanaweza kuingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya kipaumbele. Orodha hiyo ina maeneo zaidi ya 1,300. Ubaya wa mfumo huu nao haufai kufichwa. Kesi zilichukua miaka mingi huku mawakili wakivuna. Wawekezaji waliogopa kugusa kiwanja chochote kilichowahi kuwa na kiwanda, wakaenda kujenga kwenye mashamba mapya nje ya mji, huku mitaa ya zamani ya viwanda ikibaki magofu. Mwaka 2002 sheria ilirekebishwa ili kumlinda mnunuzi anayepima kwanza, anayetoa taarifa na asiyehusika na uchafuzi.

Katika Niagara Falls kampuni ya Occidental, iliyokuwa imeinunua Hooker, ilikubali mwaka 1995 kuilipa serikali ya shirikisho dola milioni 129. Eneo liliondolewa kwenye orodha mwaka 2004. Taka zenyewe, hata hivyo, bado zimo ardhini, zimefunikwa kwa udongo wa mfinyanzi na kuzungushiwa mitaro inayokusanya maji machafu ili yasafishwe. Wengi hushangaa kusikia hivyo. Lakini sehemu kubwa ya kinachoitwa kusafisha ardhi duniani ni kazi ya aina hii: kuizuia sumu isitembee, kisha kuilinda miaka nenda miaka rudi.

Swali la usafi wenyewe, yaani udongo usafishwe hadi kiwango gani, lilijadiliwa kwa kina zaidi Uholanzi. Katika kijiji cha Lekkerkerk, karibu na Rotterdam, nyumba zilikuwa zimejengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 juu ya mitaro iliyojazwa taka za viwandani. Viyeyusho vya kemikali vilipenya kwenye mabomba ya plastiki ya maji ya kunywa. Mwaka 1980 karibu familia 300 zilihamishwa, mapipa na udongo vikachimbuliwa, na nchi nzima ikaingiwa na hofu. Sheria ya muda ya kusafisha udongo ilifuata, kisha sheria ya kulinda udongo ya mwaka 1987.

Waholanzi walianza na msimamo wa heshima kubwa kwa ardhi: udongo ukisafishwa, uwe safi kiasi cha kufaa kwa matumizi yoyote, leo karakana, kesho bustani ya mboga. Kisha wakaanza kuhesabu. Maeneo yaliyodhaniwa kuwa mamia yakawa malaki, na gharama ikapita uwezo wa nchi tajiri kama ile. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walibadili msimamo: kiwango cha usafi kitategemea matumizi. Uwanja wa shule utasafishwa zaidi kuliko maegesho ya malori. Uingereza nayo, katika mfumo ulioanza kutumika mwaka 2000, ilichagua njia hiyohiyo: ardhi isafishwe kiasi cha kufaa kwa kazi yake ya sasa, na mipango miji isimamie usafi zaidi matumizi yanapobadilika.

Hoja hiyo ina mantiki, na hakuna nchi inayoweza kuikwepa kabisa. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba mamlaka ya mipango miji inajua nani anajenga nini na wapi. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki gereji inaweza kugeuka vyumba vya kupangisha ndani ya mwaka mmoja, na pembeni pakaoteshwa mchicha unaouzwa sokoni asubuhi. Hakuna kibali kinachobadilishwa, hakuna anayepima. Kiwango kilichowekwa kwa ajili ya gereji hakimlindi mtoto aliyezaliwa kwenye chumba kile. Nchi isiyo na nguvu ya kusimamia matumizi ya ardhi inahitaji viwango vikali zaidi katika maeneo ya makazi yasiyopimwa, hata kama ni maeneo machache yatakayomudu kusafishwa kwa wakati mmoja.

Viwango vyenyewe ni uamuzi wa kisiasa uliovaa tarakimu. Kwa miaka 30 Marekani ilitumia kipimo cha miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo wa makazi. Kikivukwa, uchunguzi zaidi unafanyika. Januari 2024 kipimo kilishushwa hadi 200, kwa sababu utafiti umeonyesha kwamba hakuna kiasi cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachoweza kuitwa salama. Nyua zilizolala salama usiku ziliamka zikiwa na maswali, ingawa udongo wake haukuwa umebadilika hata chembe.

Kwa mashamba, mfano ulio wazi zaidi ni wa Japani. Mgodi wa Kamioka, wa kampuni ya Mitsui, ulitiririsha kadimiamu kwenye mto Jinzu, na wakulima wa mpunga katika mkoa wa Toyama wakayamwagilia majaruba yao maji hayo kwa miongo mingi. Mifupa ya watu, hasa kina mama wa umri mkubwa, ililainika na kuvunjika. Mwaka 1968 serikali ilikiri rasmi kwamba chanzo ni kadimiamu, na mwaka 1970 ikatungwa sheria ya udongo wa mashamba. Sheria hiyo ilitumia kigezo ambacho kila mkulima angekielewa: mchele wenyewe. Shamba lililotoa mchele wenye zaidi ya miligramu 1 ya kadimiamu kwa kilo liliweza kutangazwa eneo la kusafishwa. Mwaka 1979 kazi ilianza katika bonde hilo, udongo mbaya ukizikwa chini na udongo safi ukiwekwa juu, jaruba kwa jaruba. Ilimalizika mwaka 2012, baada ya zaidi ya hekta 800 kurudishwa, gharama zikigawanywa kati ya kampuni na serikali.

Mbinu za kiufundi ni nyingi kwa majina lakini chache kwa asili. Udongo huchimbuliwa na kupelekwa kwingine, au hufunikwa, au huoshwa kwa maji na kemikali, au hupashwa joto kali hadi sumu igeuke mvuke na kunaswa. Bakteria hufanya kazi nzuri kwenye mafuta, ambapo kinachohitajika mara nyingi ni hewa, unyevu, mbolea kidogo na subira. Risasi inaweza kufungwa kwa fosfeti au saruji ili isiyeyuke kirahisi. Kuna mimea inayonyonya metali kutoka ardhini, na watu huipenda habari hiyo kwa kuwa ni ya bei nafuu na ya kijani. Lakini huchukua miaka mingi, na mmea uliovunwa nao ni taka yenye sumu inayohitaji pa kwenda.

Hapo ndipo mipango mingi hukwama. Kuchimbua ni rahisi: katapila, malori, siku chache. Lakini udongo unapakiwa kupelekwa wapi? Bila dampo maalumu, lenye sakafu isiyopitisha maji na uzio usiorukwa, kijiji kimoja kinapumua na kingine kinapokea. Nchi inayotaka kusafisha ardhi yake huanza kwa kujenga mahali pa kuzika.

Mpangilio wa hatua nao ni suala la uhai. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi. Mawe yenye dhahabu, yaliyokuwa na risasi nyingi, yalisagwa ndani ya nyua za nyumba, mengine kwa mashine zilezile za kusagia nafaka, na vumbi likatanda kila mahali. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini, lakini mtoto akirudi kwenye ua uleule sumu inamrudia. Kwa hiyo matibabu yalifuata usafishaji: kwanza ua, ndipo dawa. Vibarua wa vijijini walikwangua tabaka la juu la udongo kwa majembe, wakafagia vyumba, wakajaza mifuko, wakaizika kwenye mashimo yaliyotengwa nje ya kijiji, wakatandaza udongo safi. Hakukuwa na mtambo wa ajabu. Hata hivyo kijiji cha Bagega kilisubiri hadi mwaka 2013, kwa sababu fedha za serikali zilichelewa kutolewa, na kwa muda wote huo watoto wake hawakuweza kuanza tiba ya maana.

Afrika Mashariki haikosi sheria. Kenya ina Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, na Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na kanuni za viwango vya ubora wa udongo za mwaka 2007. Zote mbili zinatambua kwamba mchafuzi ndiye anayepaswa kulipa. Zote mbili zinaruhusu mamlaka kutoa amri ya kurejesha mazingira, na zinataja dhamana ya fedha inayoweza kudaiwa kwa mwekezaji mwenye shughuli hatari kabla hajaharibu chochote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwenda mbali zaidi: mtu anaweza kwenda mahakamani kudai mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia.

Udhaifu uko kwenye utendaji. Amri ya kurejesha mazingira lazima ikabidhiwe mtu aliyepo na mwenye mali. Kiwango kilichoandikwa kwenye gazeti la serikali hakina kazi kama wilaya haina maabara. Siku hizi kuna kifaa cha mkononi kinachotumia miale ya eksirei: mpimaji hukigusisha ardhini, na ndani ya dakika moja au mbili kinaonyesha kiasi cha risasi au aseniki kilichomo. Kifaa hicho kinaweza kupima mtaa mzima kwa siku chache. Kukinunulia kila kanda na kumfundisha afisa wa kukitumia ni gharama ndogo ukilinganisha na kesi moja ya fidia.

Kisa cha Vikuge, wilayani Kibaha mkoani Pwani, kinaonyesha jinsi tatizo linavyoweza kuingia kwa jina la msaada. Mwaka 1986 shehena kubwa ya viuatilifu, baadhi vikiwa vimeshapita muda wake, ilifika kwenye shamba la serikali la Vikuge kama zawadi kutoka Ugiriki. Ilihifadhiwa kwenye banda la wazi. Banda likaanguka, mvua ikanyesha miaka kadhaa juu ya mabaki, na mwaka 1996 mabaki hayo yakaondolewa. Ingeonekana kazi imekwisha. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichukua sampuli miaka mitano baadaye na kukuta udongo wa juu ambao zaidi ya robo ya uzito wake, katika sampuli mbaya kuliko zote, ilikuwa DDT na mabaki yake. Mzigo ulikuwa umeondolewa. Udongo haukuwa umesafishwa. Mpango wa kuondoa viuatilifu chakavu usiotenga fungu la udongo uliolowa chini yake ni nusu ya kazi.

Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Migori, sumu ni zebaki. Mawe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa mialoni, zebaki huchanganywa kwa mikono ili kuikamata dhahabu, kisha donge huchomwa. Marudio, yaani mchanga unaobaki ukiwa bado na zebaki, huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi, na sayanaidi ikikutana na zebaki huifanya itembee kirahisi zaidi kuelekea majini. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unazitaka nchi zikomeshe uchenjuaji wa namna hiyo usiotanguliwa na kuondoa zebaki. Kuhusu ardhi iliyokwisha kuchafuliwa, mkataba huohuo ni mpole mno: nchi zinatakiwa kujitahidi kuyatambua na kuyatathmini maeneo hayo. Kujitahidi tu. Fedha haikutajwa kiwango wala chanzo, na mchimbaji aliyehama na karasha lake hana anwani ya kupelekewa amri. Kwa migodi mikubwa hali ni nafuu, kwa sababu dhamana ya ukarabati hudaiwa mgodi ungali unazalisha.

Kisa kinachostahili kusomwa na kila ofisa wa mazingira wa ukanda huu ni cha Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 katika eneo la Mikindani, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi kilianza kazi ukutani kwa nyumba zao. Moshi uliangukia paa, na maji yenye asidi yalipita uchochoroni ambako watoto walicheza. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana sumu ya risasi. Aliacha kazi, akaanzisha kituo cha kutetea haki na mazingira, akawaongoza wakazi kuandamana, kuandika barua na kukamatwa pale ilipobidi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Wakazi walikwenda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na ikaagiza udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 kwa ajili ya kazi hiyo. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi wa fidia mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliurejesha. Jambo la kutazamwa kwa makini ni mgawanyo wa lawama: sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 40, iliangukia mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, iliyokuwa na wajibu wa kuzuia, na kwa jumla vyombo vya serikali vilibebeshwa zaidi ya nusu. Kwa haki ya wakazi huo ni uamuzi mkubwa. Kwa sera ya fedha ni onyo, kwa sababu mlipakodi ndiye anayeingia mfukoni. Kifungu cha dhamana kilikuwa tayari ndani ya sheria ya Kenya tangu 1999. Kiwanda kile kingetozwa dhamana hiyo kabla ya tanuri kuwashwa, fedha za kukwangua nyua zingekuwepo siku kilipofungwa, na wakazi wasingesubiri miaka 10.

Japani ina utaratibu mmoja ambao ungegharimu kidogo kuuiga. Sheria yake ya mwaka 2002 ya udongo uliochafuliwa inamtaka mwenye ardhi apime udongo pale kiwanda kilichotumia kemikali hatari kinapofungwa, si baada ya watu kuugua. Matokeo yakizidi kiwango, kiwanja kinaingizwa kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulisoma. China nayo, katika sheria iliyoanza kutumika Januari 2019, inazuia ardhi yenye sumu isigeuzwe makazi kabla haijasafishwa. Anayenunua kiwanja Dar es Salaam au Mombasa leo hupekua ofisi ya ardhi akajua kama kina rehani au zuio la mahakama. Hakuna safu inayomwambia kwamba miaka 15 iliyopita hapo palikuwa pa kuyeyushia betri. Kuongeza safu hiyo, na kuifanya kufungwa kwa kiwanda kuwe tukio la kisheria lenye masharti, ni kazi ya kanuni chache za waziri.

Baada ya kusafisha kuna kulinda, na sera nyingi hukatika hapo. Katika bonde la Silver Valley, jimbo la Idaho, Marekani, ambako kiyeyushio cha risasi cha Bunker Hill kilifungwa mwaka 1981, nyua zilikwanguliwa na kujazwa udongo safi, lakini risasi ingali chini yake. Anayetaka kuchimba msingi au kuondoa tabaka la juu sharti apate kibali kutoka ofisi ya afya ya wilaya, ambayo humweleza namna ya kuchimba na mahali pa kupeleka udongo anaoutoa. Wataalamu waliofanya kazi katika bonde hilo ndio baadaye walioitwa kusaidia Zamfara. Na kila kiangazi ofisi hiyohiyo huwapima watoto damu bure. Mtoto akikutwa na risasi nyingi, mtu wa afya huifuata familia nyumbani kutafuta inakotoka.